Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: kabla ya kumtoa mgonjwa damu, upimeni mguu wake

Kwa:
Viongozi wa Wizara ya Afya,
Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF),
Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA),
Mganga Mkuu wa Mkoa na Waganga Wakuu wa Manispaa, Dar es Salaam.

YAH: SINDANO ZA PLAZIMA KWA VIDONDA VYA MGUU WA KISUKARI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza katika chumba cha kufungia vidonda, na vidonda vingi nilivyofunga vilikuwa vya wagonjwa wa sukari. Ni dada wa mgonjwa pia, na hilo ndilo lililonikalisha kuandika. Nilianza kwa njia ya kawaida. Niliuandikia uongozi wa kliniki binafsi iliyomtibu kaka yangu, nikajibiwa kwa simu kwamba daktari mhusika yuko safari. Nikaandika kwa ofisi ya umma yenye wajibu wa kusikiliza malalamiko ya namna hiyo. Barua yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na hadi leo muhuri huo ndio jibu pekee nililo nalo. Kliniki siitaji jina, ofisi siitaji jina. Sitafuti mtu wa kumwaibisha, na ninayoyaeleza hapa hayajakaa kwenye mlango mmoja tu wa jiji hili.

Kwa wasomaji ambao hawajakutana nayo, bidhaa yenyewe ni hii. Mgonjwa anatolewa damu mkononi, kiasi kidogo tu. Chupa inawekwa kwenye mashine ya kuzungusha, chembe nyekundu zinashuka chini, juu yanabaki maji ya manjano, ndiyo plazima. Katika plazima hiyo, hasa karibu na pale tabaka mbili zinapokutana, zimejaa chembe sahani, zile zinazowahi kufika penye jeraha na kuanza kugandisha damu. Chembe sahani zikifunguka hutoa vichocheo vya ukuaji, na vichocheo hivyo huziita chembe nyingine zije kujenga mishipa midogo na nyama mpya. Donda la kisukari lililokaa miezi huwa limekwama: halipungui, halifungi, lipo tu. Nia ya tiba hii ni kulikwamua. Kuna wanaochoma plazima pembeni mwa kidonda, wanaoigandisha wakaipaka kama jeli, na wanaotengeneza kibandiko kizima kutokana na damu ya mgonjwa.

Niweke wazi msimamo wangu mapema ili nisije nikajibiwa kwa hoja ambayo sikuitoa. Siipingi tiba hii. Wataalamu wamekuwa wakiifanyia kazi tangu miaka ya 1980, na kuna wagonjwa inaowafaa. Ninachokipinga ni kuuzwa kwake Dar es Salaam kama mwanzo wa matibabu, kwa watu ambao hakuna aliyewagusa mguu kutafuta mapigo ya damu, ambao wanaendelea kukikanyagia kidonda kutwa nzima, na ambao wanaambiwa kwamba kwa kuwa ni damu yao wenyewe hakuna cha kuhofia.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mguu haupimwi

Kaka yangu anauza matunda Buguruni. Ni kazi ya kusimama tangu alfajiri, mizigo ikishuka. Donda lilimtokea chini ya unyayo, pale dole gumba linapoanzia, mahali ambapo kila muuguzi wa vidonda angekisia hata kabla ya kumvua soksi, maana ndipo uzito wa mwili unapoegemea mtu anaponyanyua kisigino. Hakulisikia. Miguu yake ilikuwa imeshaingia ganzi. Alichoona ni doa la damu kwenye kandambili.

Alifika kliniki ile kwa tangazo alilotumiwa kwenye simu na mteja wake, video ya kidonda kibichi kabla na mguu safi baada. Alipokewa vizuri, akapimwa sukari ya kidoleni, akapimwa presha, akapigwa picha ya kidonda, akaelezwa bei. Siku hiyohiyo akatolewa damu na kuchomwa. Akarudi tena, na tena, kwa kadiri fedha zilivyopatikana. Kiwanja chake cha Chanika kikauzwa.

Katika karatasi zake zote, na nimezisoma moja moja, hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu aliweka vidole viwili juu ya mguu wake na kutafuta mapigo. Hakuna kipimo cha Dopla, kile cha kusikiliza kwa mawimbi ya sauti jinsi damu inavyopita kwenye mshipa. Hakuna ulinganisho wa presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, wala ya kidole cha mguu, ambayo kwa mgonjwa wa kisukari ni ya kuaminika zaidi, kwa kuwa mishipa yake mara nyingi imekakamaa kwa chokaa na kuipa presha ya kifundo namba nzuri isiyo ya kweli. Hakuna aliyeingiza kile kijiti cha chuma ndani ya kidonda kuona kama ncha yake inagonga mfupa. Hakuna eksirei. Vitu viwili kati ya hivyo, vidole na kijiti, havihitaji umeme wala mtaalamu aliyesoma ng'ambo. Mwanafunzi wa uuguzi anafundishwa.

Hatimaye alipofika hospitali ya umma, akiwa na homa na kidole kimeshabadilika rangi, daktari kijana alifanya yote hayo kwa muda mfupi. Mapigo hayakupatikana. Kijiti kiligonga mfupa. Eksirei ikaonyesha mfupa umeshaliwa. Kwanza vilikatwa vidole viwili, baadaye sehemu yote ya mbele ya mguu.

Sisemi kwamba sindano ndizo zilizomkata kaka yangu mguu. Nasema miezi aliyoitumia kwenye sindano ilikuwa miezi ya kufungua mshipa ulioziba na kutibu mfupa, na haitarudi. Vichocheo vya ukuaji kwenye mguu usiopata damu ni mbolea kwenye shamba lisilofikiwa na maji. Aliyemuuzia alipaswa kulijua hilo, na kama hakulijua, aliyempa kibali alipaswa kumuuliza.

2. Uzito hauondolewi

Hapa mniruhusu nirefushe kidogo, kwa sababu ndilo jambo nililolipigia kelele utumishi wangu wote na ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Kidonda cha chini ya unyayo kwa mtu mwenye ganzi kinasababishwa na kukanyaga. Mwenye hisia akikanyaga changarawe anaruka, anachechemea, anapumzika. Mwenye ganzi anatembea juu ya kidonda chake kutoka Mbagala hadi Kariakoo na kurudi. Ndiyo maana kikundi cha kimataifa kinachotoa miongozo ya mguu wa kisukari, kinachojulikana kwa kifupi kama IWGDF, kwa kidonda cha aina hiyo kinaweka mbele kifaa kinachofika karibu na goti ambacho mgonjwa hawezi kukivua mwenyewe. Mfano wake wa siku nyingi ni plasta ya jasi, hogo kama watu wanavyoliita, iliyofungwa kwa ustadi ili uzito usambae mguu mzima badala ya kuelemea nukta moja. Msisitizo uko kwenye kutokuvuliwa. Kinachovulika kitavuliwa, nyumbani, msikitini, bafuni, wageni wakija, na hatua chache za kila siku zinatosha kukichana kidonda upya. Plasta hiyo nayo haifai kila mguu: wenye damu haba au maambukizi makali haufungwi hivyo. Kwa hiyo tunarudi palepale, kwenye kupima kwanza.

Jasi tunayo. Hospitali zetu za rufaa za mkoa, Amana, Mwananyamala na Temeke, zinafunga mifupa iliyovunjika kila siku ya Mungu. Mafundi wa makubazi tunao, na wengine wakipewa mchoro na nusu saa ya maelezo wanashona kiatu kipana chenye soli laini iliyochongwa vizuri kuliko baadhi ya viatu vya dukani vinavyoitwa vya kisukari. Kaka yangu alichoambiwa kliniki ni "atembee tembee ili damu izunguke". Akachomwa sindano, akavaa kandambili zake, akarudi sokoni kusimama.

Mtu huyo hata angechomwa plazima ya malaika, kidonda kisingefunga.

3. Ushahidi unasomwa nusu

Nilipolalamika kwa mdomo, mhudumu wa kliniki alinionyesha kwenye simu kichwa cha utafiti mmoja na kuniambia kwamba Ulaya wameshathibitisha. Utafiti huo naufahamu, na ni mzuri. Ulifanyika katika kliniki 32 za mguu wa kisukari nchini Uingereza, Denmaki na Uswidi, ukachapishwa mwaka 2018. Wagonjwa 269 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida iliyo kamili. Kundi la pili lilipata huduma hiyohiyo pamoja na kibandiko cha kila wiki kilichotengenezwa kwa damu yao. Baada ya wiki 20, asilimia 34 ya waliopata kibandiko walikuwa wamepona, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao.

Sasa tuusome wote.

Kwanza, kilichojaribiwa ni kibandiko cha chembe nyeupe, chembe sahani na nyuzi za fibrini, yaani zile zinazoshikilia damu iliyoganda, kinachotoka kwenye chupa maalumu yenye damu kama mililita 18 iliyozungushwa kwa dakika 20 hivi, bila kuongezewa dawa yoyote. Hakikuwa sindano ya plazima. Mwongozo wa IWGDF wa mwaka 2023 unavitenganisha kabisa: kibandiko cha namna hiyo unasema kinaweza kufikiriwa, kama nyongeza, pale ambapo huduma bora ya kawaida imeshindwa na penye uwezo na utaalamu wa kumtoa mgonjwa damu mara kwa mara. Tiba nyingine za chembe sahani, mwongozo huohuo unashauri zisitumike. Anayeuza sindano kwa kuonyesha matokeo ya kibandiko anauza kitu kimoja kwa cheti cha kingine.

Pili, kabla ya kugawanywa, wagonjwa wote waliwekwa kwanza kwenye huduma nzuri ya kawaida kwa wiki 4. Ambao vidonda vyao vilipungua kwa nusu au zaidi waliondolewa kwenye utafiti kwa sababu hawakuhitaji. Soma hapo mara mbili, Mheshimiwa. Kuna watu ambao kidonda chao kilianza kufunga kwa kusafishwa, kupumzishwa na kutunzwa tu. Hapa kwetu watu hao ndio wanaotolewa damu siku ya kwanza, na wakipona sifa inakwenda kwa sindano na video yao inakuwa tangazo.

Tatu, hata kwa waliobahatika kupewa kibandiko katika kliniki bora za Ulaya, karibu theluthi mbili hawakuwa wamepona kufikia wiki ya 20. Tangazo alilopokea kaka yangu halikuwa na mtu hata mmoja ambaye hakupona.

Atakayenijibu kwa mfano wa Marekani ana haki ya kufanya hivyo. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2021 bima ya serikali yao kwa wazee inalipia plazima yenye chembe sahani nyingi kwa vidonda sugu vya kisukari. Lakini inalipia kwa wiki 20, na kwa vifaa vilivyopitishwa na mamlaka yao ya dawa kwa kazi ya vidonda. Wamekubali na wakaweka uzio. Sisi tumekubali kimya kimya na uzio hatuuoni.

4. Damu ni damu

"Ni damu yako mwenyewe" ni kweli iwapo chupa haikubadilishwa, sindano ni mpya, mashine ni safi na jina limeandikwa kabla damu haijatoka chumbani. Nimefanya kazi hospitali miaka mingi, na najua chupa mbili zisizo na lebo zikikaa kwenye kishikio kimoja kinachoweza kutokea. Huko New Mexico, Marekani, wateja wa sehemu ya urembo iliyokuwa ikichoma plazima usoni waliambukizwa virusi vya UKIMWI, na kituo chao cha kudhibiti magonjwa kilieleza tukio hilo katika ripoti ya mwaka 2024. Hiyo ni nchi yenye wakaguzi. Mashine ya kuzungusha damu inaingia nchini kama kifaa cha maabara, inakaa mezani pembeni ya feni, na anayeiendesha ni yeyote aliyeonyeshwa kitufe.

5. Bei na matokeo

Bei inategemea umekuja na nini na umevaaje. Risiti ya kaka yangu imeandikwa "huduma". Matokeo hayaandikwi kabisa, kwa sababu mgonjwa asiyepona harudi kliniki, anakwenda hospitali ya umma, na huko anahesabiwa kama mgonjwa aliyechelewa.

Hilo neno la kuchelewa linaniudhi, na nalitumia kuingia kwenye visingizio ninavyovijua, kwa kuwa nimeshavisikia.

Mtasema wagonjwa wenyewe wanachelewa, wanazunguka kwa waganga, wanapaka asali na majani. Wapo. Ila nilikokaa mimi, wengi wa waliofika na mguu umeoza walikuwa wameshapita kwenye milango yenye bango la msalaba mwekundu: duka la dawa, zahanati, kliniki, wakapewa vidonge vya antibayotiki na kufungiwa bandeji juu ya soksi la uchafu. Mtu aliyelipia matibabu muda wote huo hakuchelewa. Amecheleweshwa.

Mtasema mgonjwa alisaini fomu ya ridhaa. Alisaini karatasi ya Kiingereza, kaka yangu ambaye aliishia darasa la saba. Hakuelezwa kwamba kuna njia nyingine, wala uwezekano wa kupona ni upi, wala itakuwaje kama mshipa umeziba. Saini ya namna hiyo inamlinda mwenye kliniki tu.

Mtasema vifaa ni haba na wataalamu wachache. Hapa nawaomba mkumbuke historia yetu wenyewe. Tanzania, pamoja na India, ndiko ulikoanzia mradi wa Step by Step miaka ya mwanzoni mwa 2000, uliofundisha daktari na muuguzi wakiwa wawili wawili kutunza mguu wa kisukari kwa vifaa vya kawaida, kisha warudi vituoni kwao kufundisha wengine. Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam wameandika katika majarida ya kimataifa mambo ambayo daktari wa Ulaya asingeyawaza, kwa mfano wagonjwa wa jiji hili walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini na hawakuamka, kwa sababu ya ganzi. Elimu hiyo ilizalishwa hapa. Hatukosi maarifa. Uzi wa nailoni wa kupimia ganzi, kijiti cha chuma, kisu cha kuondolea nyama iliyokufa, jasi na vidole viwili vya muuguzi, vyote kwa pamoja havifikii bei ya mashine moja ya kuzungusha damu.

Na mtasema huyu bibi anaogopa teknolojia. Ningefurahi sana kuona kibandiko kile kikitolewa kwenye kliniki ya umma hapa Dar es Salaam, kwa mgonjwa aliyepimwa, aliyepumzishwa mguu, ambaye kidonda chake kimekataa kufunga. Kinachonichukiza ni kwamba anayestahili hakipati kwa kuwa hana pesa, na asiyestahili anauziwa kitu kingine kwa kuwa amepata mnunuzi wa kiwanja.

Ukubwa wa jambo lenyewe mnaujua kuliko mimi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9 hivi ya watu wazima wa Tanzania wana kisukari. Wataalamu wa mguu wa kisukari wanakadiria kwamba kati ya watu wenye ugonjwa huo, asilimia 19 hadi 34 watapata kidonda cha mguu wakati fulani wa maisha yao, na kwamba kati ya waliopona, karibu 4 katika kila 10 kidonda kitawarudia ndani ya mwaka mmoja. Soko hilo ni kubwa, na wenye matangazo wameshalipigia hesabu.

Ninachoomba ni hiki.

Wizara itoe waraka mfupi, wa Kiswahili, unaoweka utaratibu wa lazima: hakuna kituo, cha umma wala binafsi, kitakachompa mgonjwa wa kidonda cha kisukari tiba inayotokana na damu kabla ya kuandika kwenye faili lake hali ya mapigo ya miguu, kipimo cha ganzi, kina cha kidonda na kama mfupa umeguswa, hali ya maambukizi, kiwango cha sukari, na namna uzito ulivyoondolewa kwenye kidonda. Kisha zipite wiki 4 za huduma hiyo, kidonda kikipimwa kwa rula kila wiki. Kikipungua kwa nusu, plazima ya nini? Kisipopungua, arudiwe kupimwa mshipa na mfupa kwanza, ndipo lifikiriwe hilo jingine. Mwenye mapigo hafifu apewe rufaa siku hiyohiyo, na karatasi ya rufaa iseme hivyo waziwazi.

TMDA itangaze hadharani ni mashine na chupa zipi zimeruhusiwa kwa kazi ya kutengeneza plazima ya kutibia, tofauti na za maabara, na wakaguzi wapite. Mgonjwa awe na mahali pa kuangalia orodha kabla hajatoa mkono.

NHIF, na wote watakaopanga vifurushi chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, waweke kipimo cha mishipa ya miguu, plasta ya kuondoa uzito, kiatu na kusafishwa kidonda kwa kisu mahali ambapo mwanachama wa kawaida anaviona na kuvipata bila kuomba. Tiba za damu zikija kulipiwa, zilipiwe kwa masharti niliyoyataja, na kwa muda wenye mwisho. Bima ikilipia sindano na kuacha kiatu, itakuwa inalipia kidonda kibaki wazi.

Kila kituo kinachotoa tiba hizi kipeleke kwa Mganga Mkuu wa Manispaa, kila robo mwaka, idadi ya wagonjwa, ukubwa wa vidonda walipoanza, waliopona kufikia wiki ya 20, waliokatwa, na waliopotea wasijulikane walipo. Waliopotea wahesabiwe kama hawakupona. Nina sababu ya kulisisitiza hili: kaka yangu kwenye vitabu vya kliniki yake ni mgonjwa ambaye hakurudi, na ukiwauliza huenda wakakuambia alipona.

Kuhusu kibandiko, Muhimbili ina madaktari na maabara, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kamati ya maadili. Anzisheni jaribio dogo linalofuata taratibu, kwa wagonjwa wetu, wenye joto letu, ganzi yetu na kazi zetu za kusimama. Msiwaachie wenye video ndio wafanye majaribio hayo kwa fedha za wagonjwa.

Mwisho, malalamiko. Anayelalamika apewe namba, jina la ofisa anayeshughulikia na tarehe ya kujibiwa. Muhuri peke yake hautoshi.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, na nitalichapisha lilivyo, hata kama linanikosoa. Niko tayari kuja kukaa nanyi na faili la kaka yangu, naye ametoa ruhusa. Yuko nyumbani, anajifunza kutembea kwa kiatu alichoshonewa na fundi wa Mchikichini kwa mchoro wangu, na mguu wa pili unakaguliwa kila jioni na binti yake. Jina langu kamili, namba yangu ya usajili wa uuguzi na namba ya simu viko kwenye barua ile iliyogongwa muhuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam.

Nakala: Uongozi wa kliniki husika, ambao unajijua.